Kitenge cha Mama Nyagawa

"Mpira una mbebaji, njia ina mwenyewe." Mnacheka? Mnadhani methali hii tuliiokota ukutani bwenini? Sogeeni, wadogo zangu, niwaonyeshe ilikotoka.

Mwaka ule chuo chetu cha ualimu cha Lukondo, chuo kidogo ambacho hata mvua hukisahau, kilianzisha timu ya futiboli ya Kimarekani. Mpira wenyewe umechongoka kama papai. Mmoja anaukumbatia na kukimbia, wenzake wanawasukuma wapinzani wasimkamate, akivuka mstari wa mwisho mmepata. Basi. Mengine hatukuyaelewa. Refa akipuliza filimbi tulitazamana: tumekosa au tumepata? Lakini tulishinda. Tukashinda tena. Tukafika fainali bado tunaulizana.

Mbebaji wetu alikuwa Aidani, mwembamba kama ufito, mbio kama za swala. Msukumaji wetu alikuwa Nyagawa, mwili wa kabati, na upole wa kabati pia.

Kwetu, kijana akifanya la kusifiwa mbele za watu, mama yake humfunga kitenge mabegani. Mama Aidani alikuwa karibu kumaliza sanduku zima. Mama Nyagawa naye alikuja kila mechi na kitenge kipya kikapuni, akarudi nacho kimekunjwa vilevile.

Siku ya fainali akamvuta mwanawe pembeni.

"Baba, msimu mzima nakuona unalaliwa na watu matopeni. Mpira hujaugusa. Umewakosea nini?"

"Mama, ndiyo kazi yangu."

"Kazi gani hiyo, mchezo wa mpira usio na mpira? Leo usipoushika, timu basi. Utakuja kunichimbia viazi."

Nyagawa aliipenda timu ile kuliko ugali, na ugali aliupenda. Mechi ikiwa sare, dakika zinayoyoma, akamwomba Aidani wabadilishane. Aidani akakubali, urafiki ni ugonjwa.

Mpira ukatua mikononi mwa Nyagawa. Mama yake akapiga kigelegele, kitenge juu! Aidani akajitupa kuwazuia wapinzani. Wakampita kama pazia. Wote wakamwangukia Nyagawa, hata papai halikuonekana.

Kigelegele kikakatika.

"Mbona hakuna aliyewazuia?" Mama Nyagawa akamuuliza Mama Aidani.

"Shoga, siku zote anayewazuia si huyo wako?"

Mama Nyagawa akatupa macho kwa ufito wa Aidani, macho kwa lile rundo la watu. Kisha akapaza sauti, uwanja mzima ukageuka:

"Wee Nyagawa! Mrudishie mwenzio mpira wake!"

Akaurudisha. Safari hii Nyagawa akawapokea wawili kifuani, wa tatu akajikwaa juu yao, nyuma yake ikabaki njia ya kupitisha mkokoteni. Aidani akapita anapepea. Tulijua tumekuwa mabingwa kwa sababu watu walikuwa wanatubeba.

Mama Nyagawa akaingia uwanjani mbio. Aidani, kwa mazoea, akainamisha mabega. Mama akampita. Akaenda kumchomoa mwanawe topeni, akamfunga kitenge kipya juu ya matope yaleyale.

"Mama, umekosea!" watu wakamzomea kwa kicheko. "Aliyefunga ni yule pale!"

"Nimemwona," akajibu, anakaza fundo. "Mpira una mbebaji, njia ina mwenyewe."