Taa za Mbaruku

"Taa ya mwenzako ikikuumiza macho, usigeuze kioo."

Ndiyo maneno mliyomsikia Mama Namkunda akimwambia Shebughe jana pale bombani, alipogundua kuwa huyo Shebughe amezima simu kwa sababu mama yake mgonjwa humpigia kila mara. Mmeniuliza, wajukuu zangu, taa na kioo vinahusiana nini na simu. Kaeni niwaeleze yalikoanzia, maana hayakutoka mbali. Yalitoka hapa hapa uani kwetu Kwekidunda, babu yenu akiwa hai.

Siku hizo vijana wa Tanga mjini walikuwa wanakuja na magari yao mwisho wa wiki, wanapanda njia za matope zilizoachwa na wapasua mbao, kisha wanalala kwenye mahema kule juu penye uwazi katikati ya msitu. Sisi tulikuwa tunawashangaa. Mtu ana kitanda chake kizuri, anakwenda kulala chini ya miti na baridi ile? Babu yenu alisema kila mtu na raha yake, ilimradi wasiunguze msitu. Walikuwa na adabu lakini. Wakipita walisimama hapa, wakanywa chai yangu na kuchota maji ya safari.

Kule juu simu zilikuwa hazishiki, kwa hiyo walijiwekea sheria. Magari hupanda yamewasha taa hata mchana, na wa mbele humchunga wa nyuma kwa kioo. Asipoziona taa za mwenzake, anasimama. Akiona zinawaka na kuzimika, anarudi. Wa nyuma hata akikwama hana wasiwasi, kwa sababu anajua mbele yake kuna jicho linalomtazama.

Siku ninayoisema walikuja wanne kwa magari mawili. La mbele lilikuwa kubwa, la magurudumu mapana, la kijana aitwaye Hizza. Alikuwa fundi wa kuendesha na mwingi wa maneno. Pamoja naye alikuwa Shekue, mtu mpole. La nyuma lilikuwa kigari kidogo cha Mbaruku, rafiki yake Hizza tangu wako chuoni wanasoma Kurani. Mbaruku alikuwa na dada yake mdogo, Mwanaidi. Mbaruku alikuwa na pumu. Hilo nililijua kwa jinsi alivyokaa mbali na moshi wa jiko langu.

Jua lilikuwa kali mchana ule. Hizza akashauri mizigo yote ihamishiwe kwenye gari lake, ili kigari kipande mlima kikiwa chepesi. Lilikuwa shauri jema, na alilitoa kwa moyo mweupe. Wakahamisha mahema, masufuria, mikoba. Mbaruku naye akavua koti lake zito la rangi ya kahawia, akalirusha juu ya mizigo. Nililiona likitua.

Walipokuwa wanaondoka Mbaruku akamkumbusha mwenzake habari ya taa. Hizza akacheka, akasema kigari kinakohoa na mwenyewe anakohoa, sasa yeye huko mbele atajuaje nani kati yao ndiye anayeomba msaada? Wote wakacheka, na Mbaruku akacheka kuliko wote. Wakaondoka.

Yaliyotokea juu sikuyaona. Nilisimuliwa baadaye na Shekue na Mwanaidi, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yao yalilingana.

Walipoingia msituni ukungu ukashuka. Mnaujua ukungu wetu, unaweza kuukosa mkono wako mwenyewe. Taa za kigari zikawa zinapiga kwenye kioo cha Hizza na kumrudia usoni. Alivumilia kidogo, akafunga jicho moja, akasonya. Mwisho akanyoosha mkono, akakigeuza kioo kikatazama juu. Shekue akamuuliza mbona amekigeuza. Hizza akajibu kwamba taa zinamchoma, na njia ni hiyo hiyo moja, Mbaruku atapotelea wapi? Shekue hakuongeza neno. Aliniambia kwamba alitaka kuongeza.

Baada ya hapo walipanda vizuri, hakuna cha kuwasumbua macho.

Huku nyuma kigari kilizama kwenye tope, gurudumu la mbele likapotea lote. Mbaruku hakushtuka. Alimwambia dada yake awashe taa na kuzima, Hizza ataona. Mwanaidi akafanya hivyo. Taa nyekundu za gari la mbele zikazidi kufifia ndani ya ukungu, kisha zikatoweka. Mbaruku akasema labda anatafuta mahali pa kugeuzia. Wakangoja. Baridi ikaingia. Akaona bora asukume mwenyewe, akashuka kwenye tope na shati lake jepesi, akasukuma, na kifua kikaanza kubana. Akapapasa mfukoni kutafuta dawa yake ya kuvuta. Ndipo akakumbuka koti.

Mwanaidi alitaka kukimbia kutafuta watu. Kaka yake akamshika mkono, akamwambia asiondoke kwenye taa. Wakiondoka, Hizza akitazama kwenye kioo atawaonaje?

Kule uwazini Hizza na Shekue walikuwa wameshasimamisha hema na kuinjika chai. Walikuwa wakimcheka mwenzao, kwamba kigari kimemshinda na amerudi mjini kulala kwa mama yake. Hizza akahisi baridi. Koti lililokuwa juu ya mizigo ni lile la kahawia, akalivaa, akaingiza mikono mfukoni kutafuta joto. Shekue aliniambia alimwona akitoa kichupa kile cha dawa, akakitazama, na uso wake ukabadilika. Alikimbilia gari, na chai ikaachwa inachemka.

Waliingia hapa uani kabla ya magharibi. Babu yenu na Shekue walimshusha Mbaruku, nikatandika mkeka. Dawa walikuwa wamempa kule kule walipomkuta, lakini kifua kilikuwa kimeshafunga. Muuguzi wa zahanati alikuja mbio na kanga yake begani, akapiga magoti, akahangaika naye, kisha akanitazama mimi na kutikisa kichwa. Nilimsomea shahada sikioni. Midomo yake ilicheza kidogo. Mungu amkubalie.

Mwanaidi hakupiga yowe. Alisimama na matope hadi magotini, akamtazama Hizza, ambaye bado alikuwa amevaa koti la marehemu.

"Kaka Hizza, niliwasha na kuzima mpaka kidole kikafa ganzi. Ulikuwa huzioni?"

Watu wote uani walisikia. Shekue aliinamisha kichwa. Nilimwona Hizza akitazama kule msituni, na ukungu bado ulikuwepo, umekaa juu ya miti. Angeweza kuusingizia, na hakuna ambaye angembishia.

"Nilikuwa nimegeuza kioo," akasema. "Taa zenu zilikuwa zinaniumiza macho."

"Kaka alisema utaona."

"Alikuwa na haki ya kusema hivyo, mdogo wangu."

Akavua koti, akamfunika nalo rafiki yake.

Hizza hakulala tena msituni. Lakini kila mwaka, mvua zikikatika, alikuja peke yake na kukaa pale kwenye benchi letu la uani. Magari ya vijana wengine yakisimama kwa chai, alimwendea dereva wa mbele, akamsalimia, akaweka mkono juu ya kioo chake na kumwambia maneno yale. Wengine walimdhani amechanganyikiwa. Wengine walituuliza sisi, nasi tukawaeleza. Ndivyo maneno yalivyobaki Kwekidunda, yakatoka kwenye magari yakaingia majumbani, hata kwa watu ambao hawajawahi kushika usukani. Siku hizi Hizza haji tena. Sijui kama yu hai.

Anayekutegemea atakuchosha, wanangu. Atapiga simu unapotaka kulala, atauliza alilouliza jana. Unaweza kujipa nafuu kwa kunyoosha mkono tu, na ukaendelea na safari bila kero. Yeye huko nyuma hajui. Bado anawasha na kuzima, na anamwambia aliye naye kwamba utaona.

Mama yake Shebughe, kwa mfano, yuko peke yake kule bondeni, na jana hiyo hiyo alikuwa anapiga.

Taa ya mwenzako ikikuumiza macho, usigeuze kioo.