Kaniki ya Kufungia Furushi

Sogeeni karibu, maana leo nimechoka na sitasema mara mbili.

Alikuwako Mwanamize, mkulima wa mpunga, aliyenunua nguo kwa Zimwi kila siku ya gulio. Nguo za Zimwi zilikuwa na uchawi: usipozivaa, zinakupanda mgongoni. Mwanamize alibeba saba, zote nzuri, na kanga yake ya kazi ilikuwa imechanika. Alitembea ameinama kama aliyeangusha sindano.

Siku moja Zimwi akafungua furushi. "Karibu, mteja wangu! Itazame hariri hii!"

Mkono wa Mwanamize ukatangulia. Akaurudisha, akaiuliza hariri, "Utakwenda nami shambani?"

"Nichafuke?"

Akaiuliza bahameli, "Utakwenda nami kisimani?"

"Nilowe?"

Akaiuliza shela ya dhahabu, "Utambeba mwanangu?"

"Anikojolee?"

Mwanamize akashusha pumzi. Chini ya zote akaiona kaniki nyeusi ya kufungia furushi. "Na wewe je?"

"Bibi," ikasema kaniki, "miaka yote nawabeba hawa. Popote twende."

"Hiyo siuzi!" akafoka Zimwi.

"Basi leo sinunui."

Zimwi hakuwahi kustahimili kumwona mteja akiondoka mikono mitupu. Akaiuza.

Mwanamize akajifunga kaniki. Zile saba zikakata tamaa, zikamrukia Zimwi. Na za furushi, kwa kukosa cha kufungiwa, zikampanda pia. Zimwi akaenda zake ameinama, akitweta.

Njiani jirani akamwamkia Mwanamize. Mwanamize, mgongo umenyooka, akamtazama usoni, akatabasamu. Tangu mavuno alikuwa akimjua kwa miguu tu.

Hadithi yangu naitua hapa. Mgongo wangu nao unauma.