Somo la Kuanguka

Wahenga waliotukataza kuwatukana wakunga hawakuwa wakizungumzia wodi ya wazazi peke yake. Walimjua binadamu: leo humdharau yule atakayemlilia kesho. Fundi aliujua msemo huo tangu utotoni, lakini wivu ukiingia kichwani, busara hutafuta pa kutokea.

Fundi alikuwa mshona nguo, na mgongo ulikuwa umemchoka kwa kuinamia cherehani. Aliposikia kwamba mwongozaji wa wapanda mlima anatafuta msaidizi mmoja, alijiunga na mafunzo yake ya msimu wa theluji, ambako msaidizi huyo angechaguliwa. Akamshawishi mdogo wake, Kitinda, amsindikize ili asiwe mpweke. Hakujua kwamba anajipalia makaa.

Tangu siku ya kwanza, mwongozaji hakuishiwa sifa za Kitinda. "Tazameni anavyokanyaga," aliwaambia wanafunzi, Kitinda akipita na viatu vyake vya meno ya chuma. "Hatelezi hata kidogo!"

Fundi alitabasamu huku moyo ukimchoma. Mimi ndiye niliyemfundisha huyu kutembea, aliwaza, nikimshika vidole sebuleni kwetu. Leo anasifiwa kutembea, tena mbele yangu!

Ikaja siku ya zoezi la kuanguka. Walitakiwa kujitupa mteremkoni, wageuke kifudifudi, kisha walikandamize shoka la barafu kwenye theluji mpaka waache kuteleza. Fundi alijitupa mara moja, theluji ikamwingia shingoni, wenzake wakacheka. Akasusa, akaenda kukalia begi lake. Kitinda aliendelea kujitupa, mara kwa ubavu, mara kichwa chini, mpaka akalowa chapachapa.

"Kumbe umekuja huku kujifunza kuanguka?" Fundi alimkejeli mbele za watu. "Hata mtoto wa miaka miwili anajua!"

"Mimi bado, dada," Kitinda alijibu akicheka, akapanda tena. Kicheko kile kilimuudhi Fundi kuliko tusi.

Siku ya kuamua nani apewe kazi, mwongozaji aliwachukua wao wawili tu, maana wengine walikuja kujifunza tu, akawafunga kamba moja. Asubuhi jua liliwaka vizuri. Kabla ya adhuhuri ukungu ukashuka, ukameza njia yote.

"Simameni hapa hapa," alisema mwongozaji. "Naenda kuangalia njia nyuma ya mwamba ule. Asisogee mtu."

Mara Fundi akaona kitu chekundu upande wa chini, kama kibendera cha kuonyesha njia. Nikiipata njia kabla yake, alijiambia, tutaona leo atasifiwa nani.

"Dada, tumeambiwa tusisogee."

"Wewe wa kuniamuru mimi? Mgongo huu ndio uliokubeba!"

Akapiga hatua chache. Theluji ilikuwa imegeuka barafu tupu. Mguu ukateleza, shoka likamponyoka, naye akaporomoka akipiga mayowe, mikono isijue la kufanya kwa kuwa haikufunzwa. Kisha kamba ikamkaza kiunoni, akaacha kuporomoka.

Juu yake Kitinda alikuwa amelala kifudifudi, shoka limezama chini ya kifua chake. "Kita viatu, dada! Panda polepole. Nimekushika."

Fundi alipanda akilia. Alipofika, Kitinda alihema, akasema, "Hata mtoto wa miaka miwili anajua." Wakacheka na kulia kwa pamoja.

Mwongozaji aliporudi, aliuona mchirizi kwenye barafu. "Nani amesogea?"

"Tumeteleza sote, Mwalimu," Kitinda alidakia.

Fundi aliiona kazi ile mbele yake. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Wivu ulikuwa bado haujamtoka, na ulimnong'oneza anyamaze.

"Si kweli," alisema hatimaye, na maneno yalimuuma kama jino linapong'olewa. "Nimesogea mimi, nawe ulitukataza. Huyu ndiye aliyenizuia nisife. Mpe kazi yeye."

Kesho yake, kabla ya kuirudia cherehani yake, Fundi alimwendea mdogo wake mteremkoni. Kitinda alikuwa tayari na beji ya usaidizi kifuani, na Fundi alipoiona roho ilimuuma kidogo. Wanafunzi wapya walikuwa wakitazama. Hakujali.

"Mwalimu," alimwambia mdogo wake, "nifundishe kuanguka."

Naam, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.