Shanga za Awoi wa Kerio

Jua la Lodwar halina adabu. Ikifika saa nne asubuhi limekwisha kuingia kila mahali bila kubisha hodi, na labda ndiyo sababu chumba cha eksirei ya matiti hospitalini kilipendwa sana na wanafunzi: kilikuwa na kipoza hewa. Humo wanafunzi sita, wote wanawake, walikuwa wakifunzwa kupiga picha inayofichua uvimbe wa titi kabla saratani haijaota mizizi. Mwalimu wao, Bi Jelagat, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwamo Ebyan, binti wa Kisomali aliyezaliwa na kulelewa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mama yake, muuza vitambaa kambini, alimsomesha kwa jasho, naye hakumwangusha. Akili yake ilikuwa kali kama wembe. Kwenye kifua cha mpira walichofanyia mazoezi hakuna aliyempiku: aliliweka titi juu ya bamba, akashusha bamba la pili la kubana, akabonyeza kitufe na kumaliza, huku wenzake bado wakitafuta pa kuweka mikono. Sifa zikampanda kichwani, akawa anafanya kazi amesimama wima kama askari wa gwaride.

"Picha zako zinang'aa," Bi Jelagat alimwambia siku moja, "lakini zinaishia njiani. Nyama ya nyuma kabisa, ile inayogusana na mbavu, haimo. Unasimama juu ya mtu na kumsukuma. Shuka chini, macho yako yalingane na bamba, kisha umvute taratibu. Na mtu akikaza mabega kwa hofu, hutapata kitu. Kifua cha mpira hakijui kuogopa. Hawa wanaokuja wanaogopa."

"Sawa, Madam," Ebyan alijibu. Maneno yaliingia sikio hili, yakatokea lile.

Jumanne iliyofuata akaja mama mmoja kutoka kijiji cha Kerio aitwaye Awoi. Alikuwa mrefu, mkavu, na shingo yake ilikuwa imejaa shanga mkufu juu ya mkufu, kuanzia chini ya kidevu hadi kifuani. Mkononi alikuwa na barua ya muuguzi wa zahanati. Kiswahili chake alikiokota katika biashara ya samaki, na kilimtosha.

"Ejok, mama," Ebyan alimsalimu kwa Kiturkana bila kuinua macho kutoka kwenye mashine.

"Ejok."

"Vua nguo ya juu. Na hizo shanga, toa zote."

Awoi alidhani hakusikia vizuri. "Shanga?"

"Zinaharibu picha. Haraka kidogo, foleni ni ndefu."

"Shanga hii haitoki."

"Kila kitu hutoka, mama. Kama zimekwama, nitaleta makasi."

Awoi alirudi nyuma hatua mbili na kujifunga shuka yake kwa nguvu. "Wewe mtoto! Bwana yangu Ethuro iko hapo nje inakunywa chai. Shanga hii mimi natoa siku ile yeye anakufa. Sasa unataka niue yeye leo?"

Bi Jelagat, aliyekuwa chumba cha pili, alifika akakuta mlango bado unacheza kwenye bawaba. Awoi na mumewe walikuwa wameshaondoka, na kufikia adhuhuri walikuwa juu ya pikapu ya kurudi Kerio.

Ebyan alicheka kidogo ili kuficha haya. "Madam, nilimweleza tu ukweli. Shanga zinaharibu picha."

Bi Jelagat hakucheka. Aliokota barua ya muuguzi iliyoachwa mezani, akampa aisome. Ilisema: titi la kushoto, kitu kigumu kadiri ya punje ya mahindi, kiko ndani sana.

"Huyu hakuja kupimwa ili kujaribu mashine yetu," alisema. "Ana kitu, na kitu hicho hakingojei adabu yako ikomae. Umeishi Kakuma miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Miaka ishirini na miwili miongoni mwa Waturkana, na hujui shanga ni nini?"

Ebyan alikuwa amezitazama tangu utotoni, shingoni mwa wanawake walioleta kuni na makaa karibu na kibanda cha mama yake, na hata siku moja hakuuliza. Akajaribu kuwaza mtu mgeni amwambie mama yake, mbele ya foleni, avue hijabu la sivyo yataletwa makasi. Uso ukamwaka moto. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile isiyoondoka kwa kunawa maji.

"Nitamfuata," alisema.

"Tunaweza kumtuma mtu wa zahanati."

"Hapana, Madam. Makasi niliyataja mimi."

Jumamosi alipanda pikapu iliyokuwa ikipeleka unga Kerio. Barabara ni mchanga na mawe, na aliposhuka buibui lake lilikuwa limegeuka rangi ya vumbi. Haikuwa vigumu kumpata Awoi. Aliketi chini penye kivuli cha boma lake, akipasua samaki kwa ajili ya kuwaanika. Ethuro alikuwa hatua chache kando, juu ya kigoda chake kidogo, akimtazama mgeni kama mtu aliyesikia habari zake.

"Umekuja kuangalia kama nimekufa?" Ethuro aliuliza.

Ebyan alikuwa amejiandaa njiani. Akiwa amesimama, alianza hotuba yake: saratani ni ugonjwa hatari, ikigunduliwa mapema inatibika, picha huchukua dakika chache tu. Yote yalikuwa kweli tupu. Awoi alipasua samaki wa kwanza, wa pili, wa tatu, wala hakuinua kichwa. Hotuba ikaisha. Inzi wakaendelea na mazungumzo yao.

Basi msomi wetu akakunja buibui lake, akaketi mchangani, akachukua kisu kilichokuwa kimelala juu ya gunia na kuvuta samaki mmoja. Alimpasua vibaya mno; nyongo ikatumbuka na kumwagikia nyama yote.

Awoi aliangalia uharibifu ule, kisha akaangua kicheko. "Hii nani atakula? Shika hivi. Usisukume kisu. Vuta."

"Mama," Ebyan alisema, kisu kikiwa bado mkononi, "nilikukosea. Nilisema makasi kwa sababu sikujua, na sikujua kwa sababu sikuuliza. Nisamehe. Lakini ile kitu muuguzi aligusa, mimi naiogopa. Sijui namna ya kufanya na shanga. Nifundishe wewe."

Kwa mara ya kwanza Awoi alimtazama usoni. Alifuta mikono kwa mchanga, taratibu, kama mtu anayepima shauri.

"Mimi pia naogopa hiyo kitu," alisema kwa sauti ndogo. "Usiku nikilala upande hii, nasikia yeye." Kisha akashika shanga zake kwa mikono miwili. "Hii inaweza kupanda juu. Ukifunga na kitambaa huku nyuma, inakaa. Wewe ungeuliza tu."

Ebyan alitoa mtandio wa akiba mfukoni mwake. Pamoja walizinyanyua shanga, mkufu baada ya mkufu, hadi chini ya kidevu, wakazifunga kwa nyuma. Zote zikatii isipokuwa mkufu mmoja mrefu wa zamani, ambao Ethuro alimpa Awoi walipooana. Huo ulianguka kifuani kila walipoupandisha. Wanawake hao wawili wakatazamana. Ebyan akauacha mikononi mwa Awoi.

Ethuro ndiye aliyenyoosha shingo. "Hiyo moja leta hapa, mimi nitavaa. Mtu iko na shanga ya bibi yake shingoni, inatembea Lodwar yote, nani atasema imekufa?"

Jumatatu asubuhi wagonjwa waliokuwa kwenye benchi waliona ajabu: mzee wa Kerio, miguu mikavu, kofia yenye unyoya, na mkufu wa mkewe kifuani. Alimsalimu kila aliyepita. Hata mlinzi aliambiwa, "Ejok! Mimi niko mzima."

Ndani, Awoi alikisikia kicheko cha watu wa nje na mabega yake yakalegea. Ebyan alimweleza kila hatua kabla ya kumgusa. Alimwambia mabamba yatabana na kuuma, lakini atahesabu hadi kumi tu. Kisha akachuchumaa hadi magoti yake yakakaribia sakafu, macho yakawa sawa na bamba. Akapitisha mkono chini ya titi la kushoto, akaliinua na kulivuta kwake polepole. Hakusukuma.

"Njoo mbele kidogo, mama. Niegemee tu."

Awoi akamwegemea. Ebyan alisikia pumzi ya mama huyo ikishuka juu ya kichwa chake. Akahesabu kumi kwa Kiturkana, kwa matamshi mabaya ajabu, na Awoi akamsahihisha kwenye saba.

Picha ilipotokea kwenye kioo, Bi Jelagat aliisogelea. Nyuma kabisa, mahali nyama inapokutana na mbavu, kulikuwa na alama nyeupe yenye kingo zilizochanikachanika. Alichora mstari hewani kwa kidole, mbele ya alama ile.

"Picha zako za zamani," alisema, "zingeishia hapa. Tungempa barua ya kwamba ni mzima, arudi nyumbani akafe."

Ebyan alitoka kumwita daktari.

Daktari alichukua kipande cha nyama kikapimwa, na majibu hayakuwa ya kupamba: ilikuwa saratani, ila ilikuwa bado changa na haijatembea. Awoi alipelekwa Eldoret akapasuliwa, akaendelea na matibabu miezi kadhaa. Alikonda, akalia, akatukana dawa kwa lugha mbili. Ethuro hakuuvua ule mkufu hata siku moja, mpaka vijana wa Kerio walipochoka kumtania.

Mvua fupi zilipopita, Awoi alirudi katika chumba kile cha picha akiwa na shanga zake zote shingoni na wanawake saba nyuma yake. Daktari alikuwa amemwambia wiki ile kwamba mwili wake ni safi. Wenzake walikuwa wamejificha nyuma ya shuka zao, wakiutazama mlango kwa mashaka.

"Ingieni," Awoi aliwaambia. "Msiogope huyu Msomali. Samaki hajui, lakini yeye anajua kukaa chini."

Ebyan aliwapokea mmoja mmoja kwa mikono miwili, akauliza jina la kila mama kabla ya kuuliza la ugonjwa, na kila alipofika kwenye mashine alipiga magoti bila kukumbushwa na mtu. Maradhi yaliyojificha mbavuni hayakumtokea alipokuwa amesimama wima na sifa zake. Yalijitokeza siku aliposhuka chini, kwa kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame.