Fisi wa Mikopo na Kikundi cha Tusiaibishane

Hapo zamani za kale, lakini siyo kale sana maana mikopo ilikuwa imeshafika, wanyama walikaa kwenye nyumba kama sisi. Wanafagia, wanapika, wanadaiwa. Sogeeni huku. Na wewe toa kidole puani, hadithi haisikilizwi hivyo.

Basi palikuwa na Bi Pimbi. Mfupi, mkia hana, miguu kama vijiti vya mishikaki. Kazi yake kukaanga vitumbua. Ukipita kwake asubuhi unasikia chwaaa! chwaaa! na harufu inakushika shati.

Jirani yake alikuwa Dada Kanga, fundi wa kushona. Ana cherehani ya miguu, tra-tra-tra-tra kutwa nzima. Mume hana, vifaranga anao kumi na wawili. Ile cherehani ndiyo mume, ndiyo shamba, ndiyo kila kitu.

Na hayo mafuta ya vitumbua na hiyo cherehani, mnadhani vilitoka wapi? Mkopo. Mwenye hela ni Simba, anakaa mbali huko, hata sura yake hawaijui. Aliyekuwa anazunguka vijijini kwa niaba yake ni Bwana Fisi. Kavaa tai, kabeba mkoba, anaitwa Afisa.

Afisa hakopeshi mtu mmoja. "Mjiunge watano watano," alisema. "Mmoja akishindwa, wenzake wanamlipia. Ndiyo upendo huo."

Wakajiunga watano: Bi Pimbi mwenyekiti, Dada Kanga, Mama Kobe muuza dagaa, Nungunungu na Digidigi. Kikundi wakakiita Tusiaibishane. Jina zuri, eeh? Subirini.

Kila Jumanne wanakutana nyumbani kwa Bi Pimbi kulipa rejesho. Ukutani Afisa kabandika karatasi ina muhuri wa Simba: HATOKI MTU MPAKA REJESHO LITIMIE. Chini yake maandishi madogo: waliomo wachangie pengo; jua likizama halijatimia, mali ya mdaiwa inabebwa. Na mlangoni anakaa Kiboko. Huyo aliajiriwa kwa sababu moja tu. Akikaa mlangoni hata upepo unarudi ulikotoka.

Fisi aliipenda sana ile sheria. Siku moja Digidigi kapungukiwa shilingi mia mbili. Wakakaa toka asubuhi mpaka alasiri, Digidigi ana mtoto mchanga nyumbani, maziwa yanamwagika yamelowesha gauni lote. Fisi yeye alikula vitumbua kumi na vinne. Hakulipa hata kimoja.

Sasa mwaka huo vifaranga wa Kanga wakashikwa na mdondo, ule ugonjwa unaoua kuku. Hela ikaenda kwenye dawa. Jumanne ya kwanza wenzake wakamlipia. Ya pili wakamlipia, Mama Kobe akauza hadi mizani yake. Ya tatu inakuja, hakuna mwenye kitu.

Jumatatu jioni Kanga akaja kwa Bi Pimbi, macho mekundu.

"Shoga, kesho wanabeba cherehani."

"Umepungukiwa ngapi?"

"Elfu nane. Yote. Sina hata mia."

"Mh." Bi Pimbi akaendelea kukoroga unga. "Hivi Fisi anapenda nini kuliko hela?"

"Nyama."

"Nyama gani?"

"Ile iliyokufa yenyewe."

"Haya, nenda kalale."

"Nikalale? Pimbi, wanangu watakula nini?"

"Kanga, mimi ndiye niliyekuingiza kwenye hiki kikundi. Nimekwambia nenda kalale."

Asubuhi Bi Pimbi akamwita Kunguru. Mnamjua Kunguru, habari haijatokea yeye kashaieneza. Akampa vitumbua sita.

"Jua likifika utosini," akamwambia, "pita juu ya bati langu utangaze msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa Nyati. Kafia bondeni."

"Kafa kweli?"

"Kunguru, wewe umeshawahi kuuliza kabla ya kutangaza?"

Kunguru akafikiri. "Hapana."

"Basi usianze leo."

Nyie mnaosikiliza, kaeni kimya. Msimwambie Fisi.

Saa tatu Afisa huyo, ko-ko-ko, viatu vinalia. Akakaa kwenye kiti kizuri. Kiboko akajiweka mlangoni, gubu!

"Mwenyekiti, vitumbua viko wapi?"

"Leo mafuta yameniishia, Afisa."

Tumbo la Fisi likasema nguruuu. Mama Kobe akajifanya hajasikia.

Wakalipa mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Kanga, hana kitu ila cherehani yake, ameibeba kuja nayo kama Afisa alivyoagiza. Fisi akatabasamu meno yote.

"Basi tutakaa. Mimi sina haraka. Jua likizama, nabeba cherehani yangu."

"Yangu," Kanga akasema kwa sauti ndogo.

"Mpaka jioni, ndiyo."

Bi Pimbi akainua mkono. "Afisa, naomba kutoka kidogo. Nimeacha nguo kwenye kamba, mbuzi wa jirani anazitafuna."

"Karatasi inasemaje?"

"Hatoki mtu. Lakini mimi si mwenyekiti? Nilidhani sheria ni ya wanachama wadogo."

"Aa! Mwenye cheo ndiyo kabisa! Awe mfano!" Fisi akageuka mlangoni. "Kiboko, umesikia? Aliyemo humu ndani hatoki. Awe mkubwa, awe mdogo. Alie, azimie, asitoke."

"Hata mama yako?" Bi Pimbi akauliza.

"Hata mama yangu!"

Kiboko akaitikia kwa kichwa polepole. Kiboko neno moja humchukua muda kuingia, lakini likiingia limeingia, halitoki.

Wakakaa. Jua likapanda. Nzi akaingia, akazunguka, akatua kwenye pua ya Fisi. Mara juu ya bati, kwaru kwaru kwaru!

"Kraa! Kraa! Msibaaa! Nyati kafa bondeni! Kanona huyo, kafa amenona! Tai wameshaanza kufunga vitambaa shingoni! Kraa!"

Hicho cha vitambaa Kunguru aliongeza mwenyewe.

Fisi akasimama. Mate yakadondoka kwenye tai, to, to, to.

"Jamani, nimekumbuka kikao. Kikao cha ofisi. Mtanisubiri hapa." Akaenda mlangoni. "Kiboko, nipishe."

"Rejesho limetimia, bosi?"

"Bado."

"Kaa."

Fisi akacheka kidogo. "Kiboko, ni mimi."

"Naona, bosi."

"Mimi ndiye niliyekuajiri."

"Ndiyo, bosi. Asante sana."

"Basi toka mlangoni!"

"Rejesho limetimia?"

Fisi akamsukuma. Umeshawahi kusukuma kilima? Akarudi nyuma, akapangusa tai.

"Ile sheria nimeifuta! Leo haipo!"

Kiboko akaangalia ukutani. "Ina muhuri wa Simba. Wewe muhuri unao?"

"Uko ofisini!"

"Basi nenda kauchukue."

"Nipishe nikauchukue!"

"Rejesho limetimia?"

Digidigi akajifunika uso kwa pindo la gauni, mabega yanamtikisika. Kule juu Kunguru naye, "Tai wa nane huyoo! Wa tisa huyoo!"

Fisi akamgeukia Kanga, macho yamemtoka. "Nimechoka! Kiboko, beba hiyo cherehani sasa hivi, twende zetu!"

Kanga akairukia cherehani, akaikumbatia kwa mabawa yote mawili.

"Jua halijazama," Bi Pimbi akasema.

Fisi akamtazama Kiboko. Kiboko akachungulia nje, akaliangalia jua, muda mrefu, kama mtu anayemtambua ndugu yake.

"Halijazama, bosi."

"Nani ana hela humu ndani?" Fisi akapiga kelele. "Elfu nane tu! Mtu anayekosa elfu nane ni mtu gani?"

Nungunungu akakuna mgongo wake kwa uangalifu, maana na yeye anajichoma.

"Afisa," Bi Pimbi akasema taratibu, "karatasi inasema waliomo wachangie pengo. Wewe umo au humo?"

"Mimi ni afisa!"

"Sijauliza cheo. Umo humu ndani au uko nje?"

Fisi akatazama mlango. Mlango wote Kiboko.

"Nimo," akasema.

"Basi."

"Sawa! Sawa! Namkopesha Kanga elfu nane, anilipe na riba!"

"Kumkopesha mdaiwa ndani ya kikao ni kosa. Wewe mwenyewe ulitusomea siku ya kwanza. Tuchange tu, Afisa. Ndiyo upendo huo."

"Tai wa kumi na mbili!" Kunguru akaita. "Maini yameshaliwa!"

Hapo kwenye maini Fisi alishindwa. Akaingiza mkono mfuko wa ndani kabisa, akatoa noti za kwake mwenyewe, zimekunjwa zimekaa kama tembe za dawa. Akazitupa mezani.

"Chukueni! Nipisheni!"

Bi Pimbi akaanza kuzikunjua. Moja. Akainyoosha kwenye goti. Ya pili. Akaipulizia, fuuu.

"Harakisha, mwanamke!"

"Hela za watu haziharakishwi. Haya, zimetimia. Daftari, Afisa. Andika hapo: Kanga, rejesho la wiki hii, amelipa. Weka saini."

Fisi akaandika haraka haraka, mate yanalowesha karatasi.

"Kiboko," Bi Pimbi akasema, "rejesho limetimia."

"Kweli, bosi?"

"KWELIII!"

Kiboko akainuka, taratibu, goti moja kwanza. Fyuuu! Fisi kapita chini ya tumbo lake, mkoba kauacha, kiatu kimoja kimebaki.

Akakimbia mpaka bondeni. Akaangalia juu, tai hakuna hata mmoja. Akaangalia mbele, Nyati huyo hapo amesimama kwenye matope, anatafuna majani, mzima kabisa.

Sasa Fisi alikuwa amelipa elfu nane. Mtu akishalipa anataka alichokilipia. Akasogea, akainamisha kichwa kwa adabu, akauliza:

"Shikamoo mzee. Samahani, hivi wewe ndiye marehemu?"

Nyati si mtu wa maneno. Mlio uliosikika ni gbuuu! na waliokuwa wanachota maji wanasema Fisi alipita juu yao akiwa amekaa vizuri kabisa, kama aliyepanda kitu.

Jumanne iliyofuata alifika anachechemea, tai kaifunga kwenye mkono uliovunjika. Vifaranga walikuwa wameshapona, Kanga kashona sare za watoto wa shule wiki nzima, kalipa rejesho lake mwenyewe, la kwanza tangu vifaranga waugue. Fisi akahesabu, akashukuru. Hakuuliza habari za Nyati. Angemuuliza nani? Angepeleka wapi mashtaka? Kwa Simba, amwambie nilitaka kutoroka kikao nikale mzoga?

Kabla hajaketi, akaenda ukutani na mkono wake mmoja mzima, akaibandua ile karatasi, chwaa! akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake aliouacha siku ile.

"Bosi," Kiboko akauliza kutoka mlangoni, "sasa mimi nikae au nitoke?"

"Kaa unapotaka."

Kiboko akafikiri. Halafu akaingia ndani, akakaa karibu na kikaango, akanunua vitumbua vitatu kwa hela yake. Fisi naye akatazama vile vitumbua, akameza mate. Bi Pimbi akamwambia ni shilingi mia mia, na mkopo hatoi.

Wanangu, mimi niliyoyasikia ndiyo hayo, na fundisho lake ni hili: sheria unayompikia mwenzio, ionje kwanza wewe.