Ndoo Kumi kwa Saa

Kitu kikibingirika mvunguni mwa kitanda hakirudi kwa kuitwa. Hakijali kama anayekitaka amevaa suti au kaptura, kama ana shahada au hana. Ni lazima apige magoti, ale vumbi kidogo na kunyoosha mkono. Wapo watu, hata hivyo, ambao wangependa kitanda ndicho kiwainamie wao, na mmoja wao alikuwa fundi mkuu wa kiwanda kidogo cha mabomba ya plastiki.

Wafanyakazi walimwita Msomi. Jina hilo halikuwa tusi kamili wala sifa kamili. Alikuwa mkali kama wembe katika hesabu, mwenye koti jeupe lisilo na doa na kalamu iliyokaa sikioni hata wakati wa chakula. Kiwanda kilikuwa na mashine moja tu kubwa. Juu yake palikuwa na faneli ya bati, ambamo zilimwagwa chenga za madumu ya zamani yaliyosagwa. Chenga ziliteremka hadi kwenye koo la mashine, zikabebwa na parafujo nene iliyozunguka ndani ya mtungi wa moto, na upande wa pili likatoka bomba jeusi. Aliyeilisha mashine hiyo kwa ndoo, mwaka wa kumi na tisa sasa, alikuwa shangazi yake Msomi, dada mkubwa wa baba yake. Kwa ndoo hizo hizo alikuwa amemlea kijana huyo na kumsomesha mpaka akawa fundi.

Mwaka ule kazi zilikuwa zimekauka. Ndipo akaja mhandisi mmoja wa maji, mwanamke wa maneno machache, aliyetaka mabomba ya kupeleka maji kwenye nyumba za mlimani kabla ya mvua kuanza.

"Mashine yenu inameza kilo ngapi kwa saa?" aliuliza.

Mwenye kiwanda alimtazama Msomi. Msomi akashusha kalamu, akapima kwa hesabu nafasi iliyomo katika mzunguko mmoja wa parafujo, akaizidisha kwa mwendo wake na kwa uzito uliotajwa katika kijitabu cha mashine.

"Mia na sitini," alisema kabla chai haijapoa.

"Nitakuja Ijumaa nijionee. Ikiwa chini ya mia, kazi haitaisha kabla ya mvua, nami nitatafuta kwingine."

Kila mtu alielewa maana yake. Mhandisi akienda kwingine, mashine ingeuzwa kama chuma chakavu, na watu tisa wangerudi nyumbani kukaa.

Jumatatu walipima bomba lililotoka kwa saa moja. Kilo sitini. Msomi alirudia hesabu, akaikuta sahihi. Jumanne alibadilisha mkanda wa mota na kuongeza mwendo, mashine ikanguruma hadi madirisha yakatetemeka. Kilo sitini na mbili. Uso ukamshuka, na kama ilivyo kawaida ya mwenye kushindwa, akatafuta wa kumbebesha lawama.

"Shangazi, unachelewa kumwaga."

Shangazi aliweka ndoo chini taratibu. "Mwanangu, mimi naimwagia ndoo kumi kwa saa. Si kwamba nimechoka. Faneli ikijaa imejaa, haipokei tena. Njoo uiname hapa chini yake, utaona."

"Nina hesabu, shangazi. Hesabu haziinami."

"Haya. Mimi nina ndoo tu."

Aliinua ndoo, akarudi kazini. Maneno yale yalimchoma, kwa kuwa yalitoka kwa mtoto aliyemfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya madumu.

Jumatano asubuhi mwenye kiwanda alimfuata Msomi mezani. Hakugomba. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kama awaambie watu waanze kutafuta kazi nyingine. Msomi alitazama kijitabu cha mashine tena, na safari hii akasoma hadi mstari wa chini: uzito ule ulikuwa wa chembe mpya za plastiki, zile nzito za mviringo, ambazo kiwanda kiliacha kuzinunua miaka mingi nyuma. Akakumbuka ndoo kumi.

Alimkuta shangazi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shangazi, ndoo moja ina kilo ngapi?"

"Una miaka mitano hapa, leo ndiyo unauliza?"

"Leo ndiyo nauliza."

Walipima ndoo ya chenga: kilo sita. Wakakusanya chembe mpya zilizosalia stoo, wakajaza ndoo ile ile: kilo kumi na moja. Parafujo ilikuwa kama kikombe tu, inachota nafasi bila kujali kilichomo ni kizito au ni upepo mtupu. Msomi akarudia hesabu kwa uzito wa chenga, akapata karibu kilo tisini. Lakini mizani ilikuwa imesema sitini. Thelathini nyingine zilipotelea wapi?

"Sasa inama," alisema shangazi.

Msomi alivua koti, akafikiri kidogo, akalivaa tena kwa kuwa sakafu ilikuwa na grisi na shati lake lilikuwa jipya. Akalala chali chini ya faneli. Alipogusa koo la mashine aliurudisha mkono haraka. Lilikuwa la moto. Pale palipaswa kuwa baridi, kwani palizungukwa na kibomba cha maji ya kupoza. Kibomba kilikuwa kimezibwa na chokaa iliyoachwa na maji, chenga zikawa zinalainika kabla ya wakati, zinaganda na kulibana koo.

"Kila asubuhi nakwangua hapo kwa kijiti," shangazi alisema. "Niliripoti tangu mwaka jana kwamba koo linaungua."

"Uliripoti kwa nani?"

"Kwako. Ulikuwa unaandika."

"Nisamehe, shangazi," alisema Msomi akiwa bado chali.

"Nimeshakusamehe. Toka huko tufanye kazi."

Alhamisi walizibua kibomba, wakaweka chekeche la matundu madogo kwenye kinu cha kusagia, ili chenga ziwe ndogo na zijipange bila kuacha nafasi. Ndoo sasa ilikuwa na kilo nane.

"Wewe unakadiria ngapi, shangazi?"

Alishika chenga, akazimimina kutoka kiganja hadi kiganja. "Ndoo kumi na nne kwa saa."

Ijumaa mhandisi alipoingia, Msomi alimtangulia kusema. "Nilikwambia mia na sitini. Nilikosea, nilipima plastiki tusiyoitumia. Leo tunakadiria mia na kumi."

Mwenye kiwanda nusura apaliwe na mate. Mashine ikawashwa. Shangazi akamwaga, wenzake wakahesabu kwa sauti. Ndoo ya kumi ilipoingia, dakika kumi na saba zilikuwa bado. Ya kumi na tatu ilikawia, Msomi akaitazama saa. Ya kumi na nne iliteremka dakika ya hamsini na tisa. Bomba lililotoka lilipimwa: kilo mia na kumi na moja.

Mhandisi hakupiga makofi. Alikunja suruali, akachuchumaa, akagusa koo la mashine kwa kiganja. Lilikuwa baridi.

"Kwingine waliniambia mia mbili," alisema, "lakini hakuna aliyeniruhusu kutazama chini ya faneli. Leteni karatasi nisaini."

Jioni shangazi aliona doa kubwa la grisi mgongoni mwa koti jeupe. "Lete nikufulie."

"Liache, shangazi. Hilo ndilo somo la mwaka huu."

Doa lilibaki, na mashine haikuuzwa. Kilo ambazo Msomi alizitafuta siku tatu juu ya meza zilikuwa chini ya faneli, zikimsubiri alale sakafuni: mtaka cha mvunguni sharti ainame.