Sufuria la Yatima

Wametuhadithia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji wa Zabid palikuwa na mchamungu aitwaye Shurahbil, muuza boko boko, ule uji mzito wa ngano na nyama. Jirani yake Muqbil alipofariki alimwachia usia: asimamie mirathi, mjane Raihana apate thumuni yake, fungu moja katika manane, na mtoto wao wa kiume, ambaye bado ananyonya, apate yaliyosalia.

Siku ya kugawa, mbele ya kadhi, sufuria kubwa la shaba la marehemu na upawa wake havikuonekana.

"Vimeibwa," akasema Shurahbil, na alikuwa mkweli.

Kadhi akaitikia kwa kichwa. "Wasii aliyekabidhiwa mali ni mwaminifu, halipi kilichopotea bila ya uzembe wake. Basi kula yamini kwamba hukuzembea, uende zako."

Rafiki yake Shurahbil akamsukuma kwa kiwiko. "Apa, bwana we! Aliyeiba ni mwizi, si wewe. Boko boko linaungua huko!"

Shurahbil akainua mkono, na mkono ukawa mzito kama uliofungwa jiwe la kusagia. Akaushusha.

"Ewe kadhi, siwezi. Sufuria hilo niliwaazima watu wa msikitini wawapikie maskini. Walipoinuka kuswali, likabebwa."

"Na lako, mpishi mzima, kwa nini hukuwapa?"

"Langu lilikuwa mekoni, likinitafutia riziki." Akainamisha uso. "Nikaitwa karimu kwa shaba ya mtoto."

Watu wakacheka. Sisi pia tungecheka, tuliokwisha kuwakirimu wageni kwa kuku wa jirani.

Bi Raihana akasema nyuma ya pazia, "Baba Shurahbil, thumuni yangu nimekusamehe, dunia na akhera."

"Allah akulipe, mwanangu. Na fungu la huyo uliyempakata?"

 La yatima halisamehewi na mama, wala na kadhi.

Basi Shurahbil akaenda akalizima jiko lake, akalileta sufuria lake na upawa, akaviweka mbele ya mtoto. Hakuwa na kingine cha kumlishia mkewe. Akarudi nyumbani mikono mitupu, akisema, "Hasbiyallah, Mungu ananitosha."

Asubuhi Raihana akamwendea kadhi. "Mwanangu hana meno. Sufuria lote hili la nini? Nipe idhini nilikodishe, apate chochote." Kadhi akaidhinisha, na aliyelikodi hakuwa mwingine ila Shurahbil. Akarudi sokoni, akakoroga kama jana, ila sasa kila siku alitenga kwanza ijara ya mtoto.

"Hebu mtazameni!" wakamtania wateja. "Mzee na ndevu zake, tajiri yake ananyonya!"

"Tajiri mwema huyo," akasema, akiwapakulia. "Hanifokei."

Ndugu zangu, kutoa ni ibada. Lakini kabla mkono haujanyooka, na uulizwe: unachokitoa ni cha nani? Mwenyezi Mungu atujaalie tutoe katika vyetu, na vya watu tuvifikishe kwa wenyewe. Amin.